Nani Alimsikiliza Nani: Sanaa na Sayansi Katika Masikio ya Umma



Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa tarehe 10 Desemba 1948, lina vifungu 30. Vinavyotajwa mara kwa mara madarasani ni vile vya uhai, uhuru, kura na elimu. Kifungu cha 27 hupitwa haraka, kama kituo ambacho basi halisimami. Hata hivyo kimebeba jambo la kustaajabisha: katika sentensi moja kimeweka haki ya kila mtu ya kushiriki utamaduni wa jamii yake, ya kufurahia sanaa, na ya kupata fungu lake katika maendeleo ya sayansi na manufaa yake. Waliokiandika hawakuona sababu ya kuitenga sanaa na sayansi. Na kwa kuwa Katiba yetu ya Burundi, ile ya 2005 na ile ya 2018, imezifanya haki za Azimio hilo kuwa sehemu ya Katiba yenyewe, fungu hilo ni lako na ni langu, hata kama hatujawahi kulidai.

Leo nataka tuiulize historia ya kanda yetu swali moja. Mtu wa kawaida, asiyesoma vitabu vya maabara, aliwahi kupewa fungu lake la sayansi kwa njia ya sanaa? Na alipopewa, alikaa kimya akapokea, au naye alisikilizwa?

Swali hili humjia kwa urahisi mtu aliyesimama Kiriri. Kwa msomaji wa mbali: Kiriri ni mtaa ulioko kilimani, mashariki mwa jiji la Bujumbura. Hapo pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, na ukigeuka kutazama magharibi unaliona Ziwa Tanganyika limetandazwa mbele yako, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Huku juu, elimu ya chuo hutolewa kwa Kifaransa. Kule chini, Buyenzi na Bwiza, watu hununua, hutaniana na hugombana kwa Kiswahili na Kirundi. Mteremko si mrefu, lakini si kila ujuzi unaoteremka. Tarehe 1 Januari 2023 Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu, hapakuwa na siri yoyote ya kitabibu iliyobaki kugunduliwa: Robert Koch alikuwa amekwisha kukitenga kijidudu cha maradhi hayo tangu 1884. Kilichopungua kilikuwa maji safi, kwanza kabisa. Na baada ya maji, njia ya kuufikisha ujuzi wa miaka 139 kwenye ndoo ya nyumbani.

Tuanze na mfano usiopendeza. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palikuwa na mradi wa sinema ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zake zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi wake walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, juu ya kilimo, akiba ya posta, na afya, ikiwemo minyoo ya safura. Filamu hazikuwa na sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, kisha lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Waigizaji walikuwa Waafrika. Usiku, katika kiwanja cha kijiji, watu waliona watu wanaofanana nao wakitembea kwenye kitambaa cheupe. Sitaki kulidharau jambo hilo. Lakini filamu ilipokwisha, mashine ilifungwa na lori likaondoka. Santuri husema, haina masikio.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu sinema za afya za enzi ile. Watazamaji walionyeshwa mbu aliyekuzwa hadi akajaza pazia zima. Basi wakashusha pumzi, wakasema: afadhali, kwetu hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Wakoloni walikisimulia kisa hicho kwa kicheko, kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui kusoma picha. Mimi hukisoma kinyume. Wanakijiji waliisoma picha kama ilivyokuja mbele yao, wakailinganisha na mbu wanaowafahamu kwa kuwaua kila jioni, wakatoa hitimisho la haki kabisa. Aliyeshindwa ni yule aliyemkuza mbu bila kusema kwamba amemkuza. Na hata jibu la watazamaji lilipomfikia, alilihifadhi kama kichekesho badala ya kulichukua kama sahihisho.

Sasa tuvuke miaka 36, tubaki nchi ile ile ikiwa huru na ikiitwa Tanzania. Julius Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikwisha kuanza kufanya kampeni za redio, kila moja ikiwa na jina lake. Yasome majina hayo kwa sauti: Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako, Wakati wa Furaha, Mtu ni Afya, Chakula ni Uhai, na baadaye, mwaka 1980, Misitu ni Mali.

Nakuomba uyatazame kwa jicho la mwalimu wa lugha. Yote isipokuwa moja yamejengwa juu ya neno dogo "ni". Hakuna kitenzi cha amri. Hakuna "Chimbeni vyoo", hakuna "Acheni uchafu". "Mtu ni afya" ni maneno matatu tu, na ukiyachunguza utaona yana ugeni ndani yake, kwa maana kwa sarufi ya kila siku mtu ana afya, hawi afya. Aliyeondoa "ana" akaweka "ni" aliunda sitiari: mtu na afya yake wakawa kitu kimoja kisichotenganika, kama ilivyo katika methali, au katika yale maneno mafupi yanayochapwa kwenye pindo la kanga. Mwanafunzi wangu yeyote akiniuliza ushairi una kazi gani nje ya mtihani, nitampa maneno hayo matatu.

Mtu ni Afya iliendeshwa kwa wiki 12 mwaka 1973. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushei. Utaratibu wake ulikuwa hivi: kikundi kilikusanyika penye redio, chini ya mti au katika chumba cha darasa. Kilisikiliza kipindi. Kisha kiongozi, au yeyote aliyejua kusoma, alisoma kwa sauti sura ya kijitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi kwa ajili ya watu waliojifunza kusoma juzi juzi. Baada ya hapo redio ilizimwa, yakaanza mazungumzo: malaria hapa kwetu inatoka wapi? Dimbwi lipi? Kichocho je, watoto wanaoga mto gani? Safura, kuhara damu, kifua kikuu, kila ugonjwa ulikuwa na zamu yake. Mwisho kikundi kiliamua kitafanya nini kabla ya kukutana tena. Walikata majani, walifukia madimbwi, na walichimba vyoo kwa mamia ya maelfu.

Hatua ninayoipenda ni ile ya kuzima redio. Kwa sinema ya Vugiri, kuisha kwa filamu kulikuwa kuisha kwa somo. Hapa, kuisha kwa kipindi kulikuwa mwanzo wake. Elimu ya vimelea, iliyozaliwa katika maabara za Ulaya na Marekani, ilitua kwenye duara la watu ambao walijua mto wao kuliko daktari yeyote. Daktari alijua kwamba kichocho hupitia kwa konokono. Wao walijua konokono wako upande gani wa mto. Ujuzi wa namna mbili ulihitajiana.

Nisikupambie mambo lakini. Ile ilikuwa nchi ya chama kimoja, na mwaka ule ule Operesheni Vijiji ilikuwa inawahamisha watu, wengine kwa nguvu, kwenda vijiji vipya. Mtu aliyeketi kwenye kikundi cha redio akimwona balozi wa chama pembeni yake hakuwa huru kabisa kusema kwamba hataki kuchimba choo. Isitoshe, choo kuchimbwa ni jambo moja na choo kutumiwa ni jambo jingine. Idadi ya mashimo ni rahisi kuhesabu kuliko idadi ya mazoea yaliyobadilika. Pamoja na hayo yote, katika kanda yetu sijaona kampeni nyingine ya sayansi iliyompa mkulima dakika nyingi za kusema kuliko dakika za kusikiliza, na ninaona ni haki kuisifu kwa hilo.

Kisha ukaja Ukimwi, na ukimya wake. Malaria mtu huitaja mbele ya wakwe zake. Maradhi haya mapya hayakutajika. Hapo ndipo mabango ya tahadhari yaliposhindwa, maana bango huweza kumwambia mtu aogope, haliwezi kumkalisha karibu na mgonjwa. Huko Uganda mwaka 1989 alijitokeza mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, akatangaza hadharani kwamba ana virusi vya ugonjwa huo. Alirudi nyumbani, akatunga wimbo juu ya upweke wa mgonjwa, akazunguka mashuleni na makanisani akizungumza na vijana hadi nguvu zilipomwishia. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Tazama kilichotendeka: hadi siku ile, mgonjwa alikuwa mada ya sayansi. Lutaaya akawa msemaji wake.

Tanzania ilichukua njia ya hadithi. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mbinu yake ilikuwa na safari ndefu: iliasisiwa Mexico katika miaka ya 1970 na mtayarishaji wa tamthilia Miguel Sabido, ikapita India kwa Hum Log ya 1984, ikafika Kenya kwa Ushikwapo Shikamana, ndipo ikaingia Tanzania. Kabla ya kuandika, watunzi walikwenda kwanza kuwauliza watu wanajua nini, wanaamini nini na wanaogopa nini. Kwa hiyo sikio lilitangulia kinywa.

Mhusika aliyeshika nchi ni Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake katika kila kituo cha safari. Mkewe ni Tunu. Tuyatazame na majina haya: mkwaju ni mti wenye tunda la ukakasi, tena ni fimbo; tunu ni kitu cha thamani kinachohifadhiwa. Msikilizaji wa Kiswahili alikwisha kupewa nusu ya hadithi kabla mhusika hajafungua kinywa. Mkwaju anaambukizwa na hatimaye anakufa. Tunu anajifunza kujitegemea. Jina la Mkwaju likatoka redioni likaingia mitaani, watu wakaanza kulitumia kumwonya mwanamume mwenye tabia kama zake. Bila kutaja maradhi wala kumtuhumu mtu, mke aliweza kumwambia mumewe jambo zito kwa jina moja la kuazima. Huo ni msamiati wa afya ya jamii ambao hakuna wizara ingeweza kuutunga kwa waraka.

Lakini kuna upande wa Twende na Wakati ambao wasikilizaji wake wengi hawakuujua, na ambao kwa somo letu la uraia una uzito kuliko Mkwaju. Watafiti waliofuatilia mchezo huo, miongoni mwao Everett Rogers na Peter Vaughan, walitaka kujua kwa hakika kama ni mchezo uliobadilisha watu, au ni mambo mengine yaliyokuwa yakitokea nchini. Ili kujua, walihitaji mahali ambapo mchezo haukusikika. Mahali hapo palikuwa Dodoma. Kutoka 1993 hadi 1995, nchi nyingine ilipokuwa ikimsikiliza Mkwaju, mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine. Mwaka 1995 mchezo ukafunguliwa na huko. Matokeo yalipochapishwa, mwaka 1999 na 2000, yalionyesha kwamba kule ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalikuwa yameongezeka kuliko Dodoma, na watu walikuwa wamechukua hatua zaidi za kujikinga na virusi. Na Dodoma nayo ilipoanza kuusikia, mabadiliko yakaanza kuonekana.

Kwa mwanasayansi, huo ni ushahidi wa nadra. Michezo mingi ya redio duniani husifiwa kwa idadi ya barua za wasikilizaji. Huu ulipimwa kama dawa inavyopimwa. Wanaotaka kubeza sanaa kuwa ni mapambo wana kazi ya kuujibu ushahidi huo.

Kwa raia, hata hivyo, swali halijaisha. Mwaka 1993 hapakuwa na dawa ya kuuzuia Ukimwi usiue. Mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi ulithibitika mwaka 1996, na ulichelewa sana kutufikia. Kinga pekee ilikuwa kujua na kubadilika. Watu wa mkoa mmoja waliwekwa nje ya hadithi kwa miaka 2 ili tujue hadithi ina nguvu gani. Mtu anaweza kuwatetea watafiti, na utetezi una mantiki: mwanzoni hakuna aliyejua kama mchezo utasaidia, na bila kulinganisha tusingejua kamwe, na pengine wafadhili wasingegharamia michezo mingine iliyofuata katika nchi nyingine, yetu ikiwa mojawapo. Naukubali utetezi huo kwa sehemu kubwa. Lakini nakuachia hili ulifikirie na wanafunzi wako kama wewe ni mwalimu: hekima ya kuujumuisha umma katika sayansi tuliipata kwa kumweka pembeni jirani mmoja. Kifungu cha 27 kingesema nini Dodoma?

Nimesema nchi yetu ni mojawapo. Burundi iliujua utamu wa mchezo wa redio kwa njia yake yenyewe. Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995, katikati ya vita, na kutoka 1997 ilitayarisha Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye familia, mchezo wa Kirundi ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kuhusu familia mbili za makabila tofauti zinazoishi ubavu kwa ubavu. Haukuwa mchezo wa sayansi. Hata hivyo uliwazoesha watu kukaa pamoja mbele ya redio moja wakisikia mambo ambayo ana kwa ana yalikuwa hatari kusemwa. Miaka mingi baadaye, mchezo mwingine wa Kirundi, Agashi, ukabeba masuala ya afya ya uzazi na ya familia kwa mbinu ile ile iliyotoka Mexico kupitia Dar es Salaam. Kiswahili, katika jambo hili, hapa kwetu kimebaki nyuma. Tunakifundisha kama lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, lakini bado hatujakitumia vya kutosha kama lugha ya kuelezana kwa nini mtoto anahara.

Kwa hiyo nirudi kwenye ziwa linaloonekana kutoka Kiriri, maana kuna mchezo ambao ningependa mtu auandike. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda hadi yakaingia katika nyumba na barabara za ukingoni mwa Bujumbura. Kabla ya hapo yalikuwa yamepanda sana katika miaka ya 1960, kilele kikiwa 1964. Sayansi ya ziwa hili si ngumu kusimulia, tena ina umbo la hadithi: mito mingi huingia, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, ulioko Kalemie upande wa Kongo, maji mengine, ambayo ndiyo mengi zaidi, hupanda hewani kama mvuke. Mvua zikizidi mvuke na Lukuga, ziwa hutafuta mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni sebule ya mtu. Wahusika nao wako tayari. Mvuvi wa Kalemie anayekaa penye mlango. Mama wa Gatumba aliyekwisha kuhama mara mbili. Mzee anayekumbuka maji yalifika wapi alipokuwa mtoto, na ambaye kumbukumbu yake ni kipimo ambacho mtafiti hana. Mwanafunzi wa kampasi ya juu, mwenye takwimu zake kwa Kifaransa, ambaye itabidi ajifunze kuzisema.

Watu hao wanne wana lugha moja wanayoweza kuelewana wote, kutoka Bujumbura hadi Kalemie na Kigoma, nayo ndiyo hii unayoisoma. Kila kipindi kiwe na nusu saa ya mchezo. Kisha redio izimwe, mzee aanze kusema, na mwanafunzi awe ndiye anayeandika.